Yako Imekula Nini?

Siku ya uhakiki wa silaha huwakusanya uani mwa kituo cha polisi watu ambao kwa mwaka mzima hawana sababu nyingine ya kukaa benchi moja. Siku ile, mwanzoni mwa Aprili, alikuwapo mfanyabiashara wa mbao, alikuwapo mstaafu wa halmashauri, walikuwapo walinzi wawili wa ghala la korosho na bunduki zao za zamani za Greener, na nilikuwapo mimi, wa saba katika foleni, chini ya mwembe, mkoba wa ngozi wa bunduki yangu umelala mapajani.

Mzee mmoja aliingia akisukuma baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga kiroba cha mbolea kwa mpira, naye aliufungua ule mpira polepole, kana kwamba mle ndani mna mayai, kisha akatoa bunduki ya mtutu mmoja ambayo kitako chake kilipasuka zamani na kufungwa kwa tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande virefu vyembamba na kuzungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka pale palipopasuka pakawa panene kama kifundo cha mguu. Rangi nyeusi ya mtutu ilikuwa imekwisha mahali ambapo mkono wa kushoto hushika, na chuma kimebaki cheupe.

Sijui shetani gani alinituma. Nilisema, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima: "Mzee, hiyo ni bunduki au mchi wa kutwangia?"

Watu walicheka. Askari kijana aliyekuwa akiandika namba naye alicheka, halafu akainamisha kichwa kwenye daftari lake.

Mzee hakukasirika. Alikikunja kiroba chake mara nne, akakiweka kwenye benchi, akakikalia, ndipo akanigeukia.

"Hii imekula nguruwe, mwanangu. Yako imekula nini?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hicho hakikuwa changu.

Saa sita mchana tuliambiwa kwamba afisa anayetakiwa kutia saini yuko safarini, hivyo turudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu hizo ndizo zilizonifanya niandike makala hii, kwa sababu swali la yule mzee lilinifuata mpaka mezani, mpaka kitandani, na halikuwa tayari kuondoka bila jibu.

Debe la mchaichai

Usiku uleule nilifungua kabati la chuma na kuhesabu. Bunduki yangu niliinunua pamoja na kasha moja la risasi 25. Zimebaki 19. Sita zilizotoka, zote, bila kubakiza hata moja, zilikwenda kwenye debe bovu la mafuta nililolitundika kwenye mkorosho siku nilipotaka kuonja mlio wake. Debe lenyewe bado lipo. Mke wangu amelijaza udongo na kupanda mchaichai, na anasema matundu yale yanapitisha maji vizuri kuliko ndoo za dukani.

Kwa hiyo jibu la haki ambalo ningepaswa kumpa mzee ni hili: imekula debe.

Msomaji wa Kusini hahitaji kuelezwa ni fedha gani iliyoinunua. Ulikuwa ule msimu wa 2017 ambao korosho ilifika shilingi 4,000 kwa kilo, na kila mtu alikuwa na ndoto yake ya kuitimizia. Wengine walipaua kwa mabati, wengine walinunua bodaboda, wengine waliongeza wake. Mimi niliandika barua ya kuomba kumiliki silaha, barua iliyoanzia kwa mwenyekiti na kupanda kamati baada ya kamati, na mahali pa kueleza sababu nikaandika "kulinda mali na mazao". Ruhusa ilipotoka nilikwenda Dar es Salaam nikarudi na Beretta ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa bei ambayo ingenunua pikipiki tatu na chenji ikabaki.

Mazao hayo niliyoandika kuyalinda yako umbali wa saa moja na nusu kutoka nyumbani kwangu. Anayeyalinda ni kibarua, kijana mwenye filimbi na debe la kugonga. Siwezi kumpa bunduki, kwa kuwa kibali ni cha jina langu na sheria ya 2015 haina mzaha na jambo hilo, na mimi mwenyewe sijawahi kulala shambani hata usiku mmoja tangu niinunue. Bunduki inalinda kabati. Kabati linalinda bunduki. Nguruwe wa porini hawajapata taarifa ya yote hayo.

Ngazi

Wasiomiliki silaha hudhani kwamba wenye silaha ni kundi moja. Ukikaa nao utaona ngazi, na kila aliye kwenye kidato fulani anajua kwa uhakika nani yuko chini yake.

Chini kabisa ni gobore, bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, ambalo wengi hatulitaji hadharani kwa sababu mengi hayana kibali. Juu yake ni Greener ya mlinzi, kazi ya Birmingham, bunduki ya marisau, vile vidonge vidogo vinavyotawanyika, ya mtutu mmoja ambayo watu huiona kama sehemu ya sare, si mali ya mtu. Kisha inakuja Baikal ya Urusi, aina ileile ya yule mzee, na sambamba nayo hizi za Uturuki ambazo siku hizi zimejaa. Halafu ndipo tunapoanza sisi tunaofungua mikoba ya ngozi. Nasi pia tuna wakubwa wetu, kwa maana wageni wanaolipia kuwinda kule Selous huja na bunduki za Holland & Holland au Purdey za London, zilizounganishwa kwa mkono, kipande kwa kipande, na kupimwa kwa bega la mwenyewe, na mbele ya hizo Beretta yangu nayo inakuwa mchi.

Hili si gonjwa la Lindi peke yake. Huko Marekani kuna bastola za Hi-Point zinazotengenezwa Ohio, ambazo ni nzito na nene kwa sababu sehemu yake ya juu inayorudi nyuma imetengenezwa kwa aloi ya zinki, na zimekuwa mzaha wa kudumu miongoni mwa wapenda bastola wenye fedha. Kampuni yenyewe hutengeneza bure bastola yake ikiharibika, hata ikiwa mikononi mwa mnunuzi wa pili au wa tatu. Mwaka 2019 ilipouomba umma upendekeze jina la bastola mpya, jina la kejeli likapata kura nyingi, na baada ya kusitasita kampuni ikaamua kuichora kejeli hiyo kwenye chuma na kuiuza. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee akikikalia kiroba chake.

Nilijiuliza basi, fedha yangu ilinunua nini hasa?

Namba 12 tunayoitaja sote, ya kupimia upana wa mtutu, asili yake ni hesabu ya zamani: chukua paundi moja ya risasi, yaani ile madini, uigawe katika vidonge 12 vilivyo sawa, na kila kidonge kitaenea kwenye mtutu huo wa takriban milimita 18.5. (Kiswahili chetu kina uungwana hapa, kwa kuwa neno risasi linataja madini na linataja kinachotoka mtutuni, na fundi redio anayeunganisha waya naye hutumia risasi.) Beretta yangu ni namba 12. Baikal ya mzee ni namba 12. Risasi inayoingia kwenye moja inaingia kwenye nyingine, na marisau yakishatoka hayajui yametokea kwenye mtutu wa bei gani. Zote mbili, kabla ya kuuzwa, hupigwa kwanza risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida ili kuona kama chuma kitastahimili, kisha zikagongwa muhuri. Niliutafuta muhuri wangu kwa tochi, nikauona, mdogo kama punje ya ulezi. Wake nao utakuwa chini ya ile tyubu ya baiskeli au karibu yake.

Nilicholipia zaidi kipo, sitaki kudanganya. Bunduki yangu ni nyepesi mkononi, inafunguka bila kubishana, mbao yake ni ya mjozi yenye mistari kama moshi, na pembeni mwa chuma kuna nakshi na ndege aliyechongwa vizuri sana. Ina mitutu miwili, kwa hiyo ukikosa mara ya kwanza huna haja ya kuomba radhi kwa mnyama wakati unapakia upya. Hayo yote ni kweli na ni mazuri. Ila hakuna hata moja kati yake ambalo lingenipa haki ya kufungua mdomo siku ile.

Vidole vya mjomba

Hata hivyo sikutaka kujihukumu haraka, kwa sababu dharau yangu kwa silaha za bei ndogo ina mzizi ambao si wa maringo.

Mjomba wangu alikuwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto. Viwili vilikwenda na gobore lililoundwa kwa bomba la maji, alasiri moja nikiwa mtoto, na ninachokumbuka ni mlio usiokuwa wa kawaida, kisha kimya, kisha shangazi akitoka jikoni na mwiko bado mkononi. Tangu siku hiyo kila bunduki iliyofungwafungwa kwa mpira au waya hunitia baridi ya mgongo. Wazee husema cha rahisi ni ghali, na mjomba alilipa.

Nilijitetea kwa kisa hicho kwa siku tatu nne. Nilijiambia kwamba kicheko changu uani kilikuwa namna ya tahadhari.

Utetezi huo ulianguka kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mtu mwenye hofu hacheki. Kama kweli ningeogopa kwamba kitako kile kitamwumiza mzee, ningemwuliza kilipasuka lini na kama amekipeleka kwa fundi. Tena, kitako kilichopasuka na mtutu uliopasuka ni mambo mawili tofauti kama ufa wa ukuta na ufa wa msingi. Nililijua hilo nilipokuwa nikicheka. Bunduki iliyotoka kiwandani ikiwa na muhuri, hata iwe ya bei ya chini kiasi gani, haina udugu na bomba la maji. Mimi ndiye niliyeziweka kwenye kapu moja, kwa kuwa zote zinashikwa na watu wanaofanana.

Na hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za gobore lenyewe, nikakuta kwamba hata lile halikuja huku kwa bahati mbaya.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalihamia kwenye bunduki zinazopakiwa nyuma, na zile za kushindilia mdomoni zikawa bidhaa ya kuuziwa wengine. Zilishuka pwani hii kwa wingi, zikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao, pamoja na mengine, uliwekea mipaka silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Bunduki za kisasa zilizuiwa zisiuzwe kwa wenyeji. Mlango uliachwa wazi kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, zisizo na mifuo (michirizi ya kuizungusha risasi) ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na katika mkoa ambao una Kilwa Kivinje hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeidharau sababu hiyo. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kidato cha chini cha ngazi kiliandikwa kwenye mkataba, na jina la atakayekikalia likaandikwa pamoja nacho.

Miaka 15 baadaye, Julai 1905, vita vya Majimaji vilianzia Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi. Waliopigana walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Upande wa pili ulikuwa na bunduki za kupakiwa nyuma na bombomu, yaani bunduki za rashasha.

Babu zetu walichekwa kwa kushika gobore na watu waliohakikisha kwamba hawatashika kingine. Mimi nilirudia kicheko hicho chini ya mwembe, na nikapigiwa makofi.

Mji mmoja

Kuna jambo dogo ambalo liliniondolea usingizi zaidi ya hayo yote. Nilitaka kujua Baikal zinatoka wapi, nikitarajia pengine karakana ya uchochoroni. Zinatoka Izhevsk, mji ambao kiwanda chake cha kwanza cha silaha kilianzishwa mwaka 1807. Na ni katika mji huohuo ndipo bunduki ya Kalashnikov ilipoanza kutengenezwa kwa wingi.

Hapa Lindi jina hilo si geni. Nachingwea ilikuwa kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na wazee wa huko bado wanaweza kukuonyesha njia alizokuwa akipita Samora Machel. Vita vya Msumbiji vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964 vilipiganwa na watu wengi waliofundishwa upande huu wa Ruvuma, na bunduki iliyokuja kuvitambulisha ndiyo hiyo, iliyobuniwa iwe rahisi kuunda na rahisi kufundisha. Ile AKM, toleo lake la mwaka 1959, mwili wake ni bati la chuma lililokunjwa na kubanwa kwa riveti, kazi ambayo kwa macho ya fundi wa London haina tofauti kubwa na utengenezaji wa sufuria. Mwaka 1983 Msumbiji ikaiweka kwenye bendera yake.

Nchi jirani inasimama kwa heshima mbele ya bendera hiyo kila asubuhi, na ndugu wa bunduki hiyo, wa mji mmoja nayo, nilimwita mchi.

Dunguni

Mwishoni mwa Aprili nilimtafuta mzee. Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu mtu mwenye bunduki kijijini anajulikana kama mtu mwenye mashine ya kusaga. Nilikwenda bila bunduki yangu, na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mchi."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi."

"Umekula?"

Hayo ndiyo maongezi yote tuliyofanya kuhusu jambo lenyewe. Baada ya ugali na kisamvu aliniambia kwamba usiku huo anakwenda dunguni, na kama nataka kuona kazi nifuatane naye.

Dungu lake liko katikati ya mahindi na muhogo, limeinuliwa juu ya miti minne, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ambayo huvutwa juu mtu akishapanda. Mle ndani mlikuwa na mkeka, tochi, kichupa cha mafuta ya cherehani, kitambaa, na debe. Nilipoliona debe nilitaka kucheka, safari hii nikajizuia.

Kabla giza halijaingia alinionyesha bunduki yake kwa karibu. Aliifungua, akautazama mtutu dhidi ya mwanga wa magharibi, akanipa nami nitazame. Ndani ulikuwa unang'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu, duara safi hadi mwisho, bila doa la kutu. Kile kinundu kidogo cha mbele cha kulengea kilikwishadondoka miaka mingi, na mahali pake fundi redio wa sokoni alimwekea tone la risasi, ambalo yeye hulisugua kwa jivu ili lionekane usiku wa mbalamwezi. Kila jioni hupangusa chuma kwa tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja, alisisitiza, kwa sababu mafuta mengi hukusanya vumbi. Yangu ilikuja na kisanduku cha vifaa vya kusafishia ambacho bado kimefungwa kwenye nailoni yake.

Aliinunua mwaka 1998, kwa magunia ya ufuta ambayo familia ilikuwa imeyawekea matumaini mengine. "Mama watoto hakusema nami mwezi mzima," alisema.

Nguruwe walikuja mnamo saa nane usiku. Hukuwaona, ulisikia tu mahindi yakivunjika, kisha ule mkoromo mfupi wa kuridhika wa mnyama anayechimbua muhogo wa mtu. Nilijiandaa kwa mlio. Mzee hakugusa bunduki. Alichukua debe, akaligonga mara tano, akakohoa kikohozi kikubwa cha mzee wa nyumba, na kule chini pakawa na vurugu ya miguu ikikimbilia bondeni.

"Mbona hukupiga?"

"Risasi inanunuliwa. Debe ni bure."

Nilimwuliza basi, tangu 1998 imekula nguruwe wangapi. Alifikiri. Alihesabu kwa vidole, kwa uaminifu ambao ulinitia aibu.

"Wanne. Na hao nao sikuwaonja, mimi Mwislamu. Waliwachukua majirani wa kule ng'ambo ya mto."

Wanne!

Nakiri kwamba nilivunjika moyo. Wiki mbili nzima nilikuwa nimejijengea picha: bunduki ya maskini inayofanya kazi usiku na mchana, na bunduki ya tajiri inayolala kabatini. Tayari nilikuwa nimeanza kuwadharau wenye mikoba ya ngozi, nikiwamo mimi, kwa furaha ileile niliyokuwa nayo nilipomdharau mzee. Dharau ilikuwa imebadili kanzu tu. Nilitaka bunduki yake iwe shujaa ili toba yangu iwe na uzito, naye akaniambia wanne.

Halafu, bila kuulizwa, akaniambia kwa nini hulala nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu aliyekuwa na shamba linalopakana na lake alichukuliwa na simba kutoka kwenye kibanda chake cha kulindia, kibanda cha chini, kisicho na ngazi. Wenyeji wa Lindi tunaikumbuka miaka ile. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 308, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa sana. Watafiti waliona pia kiungo ambacho wakulima walikuwa wakikijua kwa miili yao: pale mawindo ya kawaida yalipopungua simba walifuata nguruwe wa porini, nguruwe walifuata mazao, na mtu aliyelala shambani kuwazuia nguruwe wasile mazao alikuwa amejilaza mwisho wa mnyororo huo, hasa miezi ya mavuno, Machi hadi Mei.

"Baada ya pale," mzee alisema, "sikuweza kulala huku na debe peke yake. Nikiwa na hii nalala. Nisipokuwa nayo nakaa macho, na anayekaa macho usiku, mchana halimi."

Alijilaza ubavu, bunduki imefunguliwa, haina kitu ndani, risasi mbili ziko kwenye mfuko wa shati. Haikupita muda akaanza kukoroma. Mimi sikulala.

Ndege

Siku ya kurudi kituoni nilifika mapema. Mzee alikuja saa tatu, baiskeli na kiroba, nikasogea kumpa nafasi. Mfanyabiashara wa mbao alimsalimia kwa utani wa mchi, kwa kuwa jina lilikwishashika, na mzee akaitikia bila kinyongo. Mimi sikuona la kufanya. Ukishalitoa neno mbele ya watu si lako tena.

Askari alikagua ya mzee kwanza. Aliifungua, akachungulia mtutu, akachungulia tena, akamwita mwenzake naye achungulie. Kisha akachukua yangu, akachungulia mara moja, akaandika namba.

"Hebu nami niione," mzee alisema.

Askari alitazama huku na huku, akaona ni tupu na imefunguliwa, akampa. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliipima uzito, akaichezesha kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya mbao ya mjozi, na uso wake ukafurahi waziwazi, furaha ya fundi anayeona kazi ya fundi. "Hii nzuri," alisema. "Hii kweli nzuri, mwanangu." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Halafu aliisogeza karibu na macho, akaigeuza ubavu ili mwanga uingie kwenye nakshi.

"Huyu ndege gani?"

Nami niliinama kutazama. Miaka yote hii nimeonyesha bunduki hii kwa wageni, nimewaambia nchi iliyotoka, nimewaambia bei, nimewaambia mbao yake ni mti gani. Ndege alikuwa pale siku zote, mabawa wazi, anaruka kutoka kwenye majani ambayo si ya huku.

"Sijui, mzee."

Alimchunguza kwa muda mrefu zaidi, akifuata manyoya kwa ukucha mpaka mwisho.

"Kwa mkia huu," alisema, akinirudishia, "huku kwetu asingevuka hata kichaka kimoja."